Kujitolea kwenye meli ya utafiti wa bahari: nenda, lakini usirudi mikono mitupu

Wadogo zangu wa fani ya bahari, wanaosoma Buyu, Kunduchi na mara nyingine Mombasa, huniandikia swali lilelile: "Dada, tumeambiwa kuna meli ya utafiti inakuja na inataka watu wa kujitolea. Niende?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike mara moja, kirefu, anayetaka asome.

Jibu langu ni nenda. Hakuna darasa wala maabara ya nchi kavu itakayokufundisha bahari kama wiki chache za kuipima mchana na usiku. Lakini kabla ya kutia saini uliza utashuka na nini mkononi, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopunjwa.

Meli niliyopanda siitaji jina. Ilikuwa ya nje, ilikodiwa kupima bahari yetu kutoka kusini kwenda kaskazini, na ilikuwa meli nzuri. Nitaisifu na nitailalamikia, na ninayoyalalamikia nimeyasikia pia kwa wenzangu waliopanda meli nyingine kabisa. Nikiitaja, msomaji ataona tatizo ni la meli moja.

Kwanza tuelewane ni kitu gani ninachokipima hapa. Kujitolea maana yake hulipwi mshahara. Unapata kitanda, milo yote, vifaa vya usalama, na zamu ya saa kumi na mbili kila siku bila Jumapili. Nauli ya kufika bandarini na gharama za kupimwa afya hutegemea taasisi yako. Mimi taasisi ilinilipia nauli, vipimo nikajilipia. Atakayekwambia kwamba ni safari ya mapumziko hajawahi kusimama kwenye staha saa tisa usiku akisubiri waya upande.

Halafu jambo ambalo natamani ningeelezwa na walimu wangu mapema. Wengi tukipanda tunajiona tumefanyiwa hisani, na mtu aliyefanyiwa hisani hadai kitu. Hiyo si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia 1985 na Kenya 1989, unaitaka meli ya nje inayotaka kufanya utafiti kwenye maji ya nchi ya pwani ipeleke maelezo ya mradi wake miezi sita kabla. Kifungu cha 249 kinasema nchi hiyo ina haki ya kushiriki, wanasayansi wake wakiwemo melini pale inapowezekana, bila ya kulipwa ujira na bila nchi yao kuchangia gharama za mradi. Kujitolea kwetu kunaanzia hapo. Kifungu hichohicho kinaendelea kusema kwamba nchi ya pwani ipatiwe data na sampuli zinazotokana na utafiti, na isaidiwe kuzichambua ikiomba. Ile sehemu ya kutolipwa huwa tunaipata yote. Hii ya pili inabidi tuikumbushe.

Sasa kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya zamu yangu ilikuwa CTD. Ni fremu ya chuma ya duara iliyozungushiwa chupa ndefu za Niskin, kumi na mbili kwenye meli ndogo, ishirini na nne kwenye kubwa, na chini yake vimefungwa vipimo vya chumvi, joto na kina. Hushushwa kwa waya, kama mita moja kwa sekunde, kwa hivyo kufika mita 1,000 tu ni zaidi ya robo saa. Ndani ya waya huo mna nyaya za umeme, na wewe uliyekaa maabara unaona mchoro ukijichora kwenye skrini: joto liko pale pale kwenye nyuzi ishirini na nane, halafu likishafika mahali linaporomoka. Mashine ikiwa inapanda ndipo unaposimamisha kwenye kila kina kilichopangwa, unasubiri kidogo, unabonyeza, chupa moja inajifunga huko chini na maji yake.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Nimekua nikiwasikia wavuvi wakisema kwamba ukitoka nje kidogo nanga haifiki. Skrini ya mashine ya mwangwi, ile inayotuma sauti chini na kusikiliza inavyorudi, ikanionyesha walichokuwa wakikisema. Unguja imekaa kwenye kitako kimoja na bara, na maji ya kati yake na bara ni ya makumi ya mita tu. Ukiingia mkondo wa Pemba namba zinaanza kukimbia: mia, mia mbili, mia nne, na bado zinakwenda. Niliwaza safari zote za boti nilizopita hapo nimelala kwenye benchi, bila kujua nini kiko chini yangu. Kwa saa ile moja tu ningelipa nauli mwenyewe.

CTD ikishafungwa kwenye staha, watu hupanga foleni kwa utaratibu usiobadilika. Wa oksijeni huanza, maana chupa ikishafunguliwa hewa ya nje inaanza kuingia na kuharibu kipimo. Wanafuata wa kaboni, kisha wa virutubisho na klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea midogo ya bahari, na wa chumvi anamaliza. Mimi nilikuwa wa oksijeni. Unachukua mpira mwembamba, unauchomeka kwenye bomba la chupa ya Niskin, unauminyaminya mpaka vipovu vyote vitoke. Unauingiza mpaka kwenye kitako cha chupa ya kioo na kuyaacha maji yafurike, ukihesabu moyoni, mpaka yawe yamepita mara tatu ya ujazo wa chupa. Unautoa mpira polepole. Unatia dawa ya manganizi, kisha ya iodidi iliyochanganywa na sodiamu haidroksaidi, ncha ya kipimio ikiwa imezama chini ya maji. Unafunga kizibo bila kuacha povu hata moja, unatikisa. Maji ya juu, yenye oksijeni nyingi, hugeuka kahawia iliyokolea. Ya kina penye oksijeni haba huwa yamepauka. Yaani kabla hata ya kupima, chupa zako zikiwa zimejipanga kwenye kreti, rangi zake peke yake zimeshakwambia hadithi ya bahari kutoka juu mpaka chini. Mbinu hii ni ya Lajos Winkler, Mhungari, ya mwaka 1888, na mpaka leo ndiyo inayotumika kuhakiki vipimo vya umeme. Nilikuwa nimeisoma chuoni na kuifanya kwa maji ya bomba. Si sawa na kuifanya huku chupa uliyoshika imetoka mita 2,000, maji yake hayafiki nyuzi nne, vidole vinakufa ganzi ndani ya glavu na jua la kaskazi liko mgongoni.

Zamu yangu ilikuwa ya saa sita mchana hadi saa sita usiku, kisha tukabadilishwa. Jihadharini na saa. Kichwani mwako ni saa sita mchana, saa ya ukutani inasoma 12:00, na daftari la kituo linaandikwa 09:00 kwa kuwa kila kipimo huandikwa kwa saa za GMT. Mchana unazoea haraka. Usiku ndio wenye mtego: kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, tarehe ya kwenye daftari bado ni ya jana. Mzee mmoja wa samaki kutoka Dar es Salaam, ambaye sote tulimwita Mzee tu, alibandika karatasi juu ya meza kwa mwandiko wake: "GMT. Tazama na tarehe." Watu wa zamu zote mbili wakawa wanaisoma, hata wasiojua Kiswahili walimwomba awafafanulie.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha upande wa samaki. Wavu ukipanda, samaki humwagwa kwenye meza ndefu na kazi ni kuwatenga kwa aina, kupima urefu, kupima uzito, kisha kuchukua baadhi kwa vipimo vya ndani. Hapa mtu wa pwani anang'ara. Wageni wanafungua vitabu vya kutambulisha samaki ukurasa kwa ukurasa, wewe mkono wako umeshatenga vibua huku, mikundaji kule, changu peke yao, na bunju umemtupa kando kwa uangalifu. Majina ya Kilatini utayaandika baadaye, lakini jicho unalo tayari, na wenzako wanaliheshimu. Kutoa vijiwe vya sikio la samaki ni kazi ya subira: unakata kichwa kwa pembe inayofaa, unavichomoa viwili kwa kibano, unavifuta utando, unavitia kwenye kibahasha chenye namba. Pete zake ndizo zinazosema samaki ana umri gani. "Mwanangu," Mzee aliniambia, "andika namba kwanza, halafu ndiyo uchukue kisu. Samaki asiye na namba ni kitoweo."

Kama zamu yako inaruhusu, machweo usikae kabini. Nenda kwenye skrini ya mwangwi. Jua likizama utaona tabaka zito lililokuwa limelala mamia ya mita chini linaanza kupanda, taratibu, mpaka linakaribia juu kabisa. Ni visamaki vidogo, kamba na ngisi wanaokuja kula gizani, na alfajiri watashuka tena. Hufanyika kila siku, karibu bahari zote za dunia. Nilikuwa nimeyasoma, nikayaona, na nikakaa kimya nikitazama mpaka chakula cha usiku kikanipita.

Kuhusu malazi nitasema machache. Kabini ya watu wawili, vitanda vya juu na chini, choo na bafu ndani, pasafi. Ukiulizwa, chagua kabini ya chini na ya katikati ya meli, kwenye omo, mbele kabisa, utarushwa. Intaneti ipo lakini ni ya setelaiti na inagawanywa kwa wote. Ujumbe wa maandishi unakwenda, picha zinasuasua, simu ya kuonana sahau. Waage nyumbani ukijua hivyo.

Chakula kilikuwa kingi na kizuri. Mpishi alitoka Ufilipino, kwa hivyo wali haukukosekana hata asubuhi, na samaki aliwajua. Nyama ya nguruwe iliwekwa chombo chake na kibao chake, na nilipomuuliza kuhusu mafuta ya kukaangia hakuudhika, alinipeleka jikoni nikaona mwenyewe. Ugali hamna. Bebeni achari na pilipili zenu, kopo langu la achari ya ndimu lilipendwa na mabaharia mpaka likaisha mapema.

Kwa Waislamu wenzangu, kuhusu kibla msiwe na wasiwasi. Pemba, Unguja na Makka zote ziko kwenye longitudo ya 39, kwa hivyo kwenye maji yetu ya karibu na pwani kibla ni kaskazini, karibu kabisa. Skrini za maabara zinaonyesha omo imeelekea nyuzi ngapi, na kutokea hapo unaijua kaskazini. Ila meli ikiwa kituoni inaweza kugeuzwa ili waya usipite chini ya tumbo lake. Tazama skrini kabla ya takbira.

Kichefuchefu cha bahari kinawapata hata watoto wa wavuvi, msidanganyane. Kama una hiari ya msimu, chagua kaskazi. Wakati wa kusi upepo ni mkali na mkondo wa pwani yetu, ambao kwa upande wa Tanzania hwenda kaskazini mwaka mzima, unaongeza kasi. Meli inapigwa na inasukumwa. Dawa inywewe kabla ya kung'oa nanga, maana tumbo likishachafuka vidonge havikai. Muulize daktari, kwa sababu nyingine zinaleta usingizi na wewe unakwenda kusimama karibu na winchi. Mimi tangawizi na biskuti kavu vilinisaidia. Darubini haikunisaidia: siku ya mawimbi, kutazama planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, kwenye darubini ni kujitafutia. Waambie wenzako, watakupa kazi ya staha mpaka utulie.

Usalama naupa alama zote. Kabla hatujafika mbali tulifanya zoezi: milio mifupi saba na mmoja mrefu, kila mtu kituoni kwake na jaketi lake, kisha tukafundishwa kuvaa ile suti ya kuokolea ya mwili mzima, ambayo unatakiwa uwe umeimaliza ndani ya dakika mbili. Kwa joto letu ni mateso, na ilirudiwa, na ilistahili kurudiwa. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa staha, alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuna kupita juu ya waya wenye mzigo. Hasimami mtu ndani ya kitanzi cha kamba iliyolala kwenye staha. Bila kofia ngumu na buti za chuma, hutoki nje, uwe profesa au mwanafunzi. Nilimwona akisimamisha kazi nzima, CTD ikining'inia, kwa sababu mtu mmoja alikuwa hajafunga kamba ya kofia yake, na hakuna aliyembishia.

Lakini buti zenyewe. Ndogo kabisa iliyokuwepo ghalani ilikuwa namba 42, na ovaroli zilikatwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Wanawake tulikuwa kadhaa, na sote tulifanya kazi ya staha, kwenye chuma kilicholowa, na viatu vinavyocheza mguuni tukavijaza soksi. Hilo si jambo la urembo. Mtu anayeteleza karibu na ukingo usiku anakwenda majini. Meli inayojua miezi kabla nani anapanda haishindwi kuuliza namba za viatu. Dada zangu, bebeni buti zenu, na kabla ya kupanda ulizeni nani wa kuripotiwa mtu akikukosea heshima. Kwetu alitajwa siku ya kwanza mbele ya wote, kwa jina na namba ya kabini, na hilo lilifanywa vizuri.

Lawama yangu kubwa ni mgawanyo wa kazi. Siku za mwanzo wenyeji sote tuliwekwa kwenye chupa na kwenye samaki, na kompyuta zote zilikaliwa na waliokuja na meli. Sidhani palikuwa na nia mbaya. Waliwajua watu wao na walikuwa na haraka. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenyeji anashuka akijua kujaza chupa, ambako ni kazi ya kujifunza kwa siku mbili, na hajui kusafisha data ya CTD wala kusoma mwangwi, ambayo ndiyo elimu adimu nyumbani. Tulikwenda watatu kwa mkuu wa wanasayansi, Mzee akiwa msemaji, tukaomba tuzungushwe. Alikubali papo hapo, na kutoka siku hiyo kila zamu mwenyeji mmoja alikaa kwenye kompyuta na mtu wa kumwelekeza. Kwa hiyo ukiona mambo hayo, omba. Ila haikupaswa kuwa kazi yetu kuomba.

Na data. Siku ya kushuka niliuliza nakala nikaambiwa zitatumwa zikishasahihishwa. Zilikuja, lakini baada ya muda mrefu na maombi mengi, na za mwangwi hazikuwemo. Vichujio vya klorofili nilivyovichuja mwenyewe gizani na kuvigandisha vilisafirishwa nje, na hesabu zake nilikuja kuzisoma kwenye ripoti kama msomaji mwingine yeyote. Nilichoshuka nacho siku ile ni daftari langu. Mzee alikuwa amenionya mapema: kila kituo nikiandikie latitudo, longitudo, kina, saa na kile nilichokiona, kwa mkono wangu. Daftari hilo ndilo lililoniwezesha kuandika barua ya kudai data nikitaja kituo kwa kituo, na naamini ndilo lililofanya barua ijibiwe.

Linganisha na jambo hili. Safarini tulishusha boya la Argo, lile bomba la njano linalozama lenyewe, linaelea kwenye mita 1,000, na kila siku kumi linashuka mpaka 2,000 kisha linapanda likipima njia nzima na kutuma vipimo kwa setelaiti. Yako karibu 4,000 duniani. Data zake zinawekwa wazi mtandaoni kwa yeyote ndani ya siku moja hivi. Namba ya boya letu niliiandika, na nikiwa ofisini Unguja nalifungua na kuona limefika wapi na maji ya huko yana joto gani. Hakuna aliyenitaka barua. Kumbe inawezekana. Kwa nini chupa nilizozijaza kwa mikono yangu, ndani ya maji ya nchi yangu, ziwe ngumu kuliko hapo?

Kwa hivyo alama. Mafunzo ya mikono, tano kati ya tano. Usalama, tano. Chakula na malazi, nne. Vifaa kwa wanawake, mbili. Mgawanyo wa kazi, tatu, kwa sababu walisikiliza. Data na sampuli, moja na nusu, na nusu hiyo ni ya mtu mmoja wa maabara aliyeninakilia vipimo vya oksijeni nilivyovifanya mimi mwenyewe.

Njia za kupata nafasi si moja. Meli ya Dr. Fridtjof Nansen, inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, mpango wake upo tangu 1975. Meli ya kwanza ya jina hilo ilipima bahari za Tanzania na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ya sasa ilianza kazi 2017 na mwaka 2018 ilikuwa kwetu. Wanaopanda huteuliwa na taasisi zao, kwa hivyo mlango wako ni taasisi za utafiti wa uvuvi na bahari, TAFIRI kwa Tanzania na KMFRI kwa Kenya, au chuo chako. Kenya wana meli ya Mtafiti, ambayo wamepewa na Ubelgiji na iko chini ya KMFRI. Kwa mwanafunzi wa Mombasa au Kilifi hiyo ndiyo shule ya karibu zaidi. Wanafunzi wa shahada za juu walioko Afrika Kusini waulizie SEAmester, darasa linalofanyika ndani ya meli ya SA Agulhas II tangu 2016. POGO, shirika la kimataifa la taasisi za utafiti wa bahari, hutoa ufadhili wa mafunzo melini kwa wanasayansi chipukizi wa nchi zinazoendelea. Na jiungeni na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, makao yake yako Unguja, matangazo mengi ya ukanda wetu hupita huko.

Ukipata mwaliko, usijibu "ndiyo" peke yake. Andika barua pepe, nakala kwa mkuu wako wa idara, uulize: zamu yangu itahusu kazi zipi, na je, nitafundishwa kuchakata data? Nakala ya data ghafi nitaipata lini, na nani atanikabidhi? Sampuli zinakwenda maabara gani, na je, sehemu yake inabaki nchini? Jina langu litaandikwaje kwenye ripoti ya safari? Majibu ya maandishi yahifadhi. Mimi niliuliza haya kwa mdomo, siku ya kushuka, mizigo ikiwa tayari bandarini, wakati mtu wa kunijibu alikuwa anawaza ndege yake.

Na ulizia mapema kwenye idara yako, sasa hivi kama unaweza. Maombi ya meli ya nje huingia serikalini nusu mwaka kabla, na majina ya wenyeji huanza kuzungumzwa hapohapo. Ukisubiri mpaka uione imetia nanga, orodha imeshafungwa.